Inatoa moshi?

"Daktari, inatoa moshi?"

Hivyo ndivyo alivyoniuliza fundi wangu Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, katika gereji ya jua kali nyuma ya Eneo la Viwanda hapa Nakuru. Alikuwa ameshika tambara, anajifuta oili kidole kimoja kimoja. Vijana wake watatu walikuwa wameweka spana chini wakitutazama, maana muda mfupi kabla nilikuwa nimesema kwa sauti iliyofika hadi kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara: "Wewe ndiye umeniulia turbo."

Sikumjibu. Nilimwambia asinizungushe, nikapanda gari, nikaondoka.

Swali lake limekaa nami wiki saba.

Nalisimulia hapa kwa sababu barabara hii yetu imejaa watu wanaoendesha dizeli za zamani, na najua wapo ambao hivi sasa wanachanga pesa za kununua turbo ilhali waliyo nayo haijafa. Nalisimulia pia kwa sababu nilimkosea mtu mbele ya watu.

## Halivuti

Gari lenyewe ni la mwaka 1996. Injini ya dizeli ya lita 2.5, turbo moja ya kuisukumia injini hewa zaidi, pampu ya dizeli ya kuzunguka isiyojua kompyuta ni nini. Nililinunua kwa ajili ya njia ya nyumbani: kutoka Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Kericho, kushuka Awasi na Ahero mpaka Kisumu, kisha kupanda tena kupitia Kiboswa hadi kwa mama, Vihiga. Ukiondoa uwanda wa Ahero, njia hiyo ni kupanda na kushuka tu.

Mwezi wa pili nililipeleka kwa fundi abadilishe oili na filta. Alifungua bomba la hewa linalotoka kwenye filta, akalisafisha, akalifunga. Wiki mbili baadaye nilikuwa natoka nyumbani narudi Nakuru, mama akiwa kiti cha mbele, anakuja kuonwa macho. Nyuma kulikuwa na gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku wawili waliofungwa miguu.

Tulipopita Kapsoit, kwenye ule mlima wa kuingia Kericho, nilitoka nyuma ya lori la saruji ili nilipite. Nilipiga hesabu ya siku zote: gia ya tatu, kanyaga, lipite, rudi upande wako. Nilikanyaga mpaka mguu ukagonga sakafu. Injini ikanguruma kama kawaida yake, lakini gari halikwenda. Tairi za lori zikabaki sambamba na mlango wa mama, hazisogei mbele wala nyuma.

Basi likatokeza kwenye kona.

Nilishika breki, nikarudi nyuma ya lori, basi likapita likipiga honi hata baada ya kutupita. Mama hakusema neno. Alishika tu kishikio cha mlango mpaka tukaingia Kericho mjini, na nilipozima gari niliona anavifungua vidole kwa kutumia mkono wa pili.

Hasira niliyompelekea fundi ilitoka pale. Ilianza kama hofu, ila safari ya kutoka Kericho hadi Nakuru ni ndefu, na hofu ikikaa njiani muda huo wote hutafuta mtu wa kumlaumu. Nilikuwa naye tayari. Yeye ndiye aliyelishika gari mara ya mwisho. Baada ya kulishika, likakosa nguvu. Sikuona haja ya kuuliza zaidi.

## Hukumu ya haraka

Nililipeleka gereji nyingine. Huko hawakuuliza chochote. Walichomoa bomba kwenye mdomo wa turbo, kijana akaingiza vidole, akashika nati ndogo iliyo katikati ya pangaboi, akaitikisa.

"Madam, ona inavyocheza. Hii imekwisha."

Nikaingiza kidole changu na mimi. Kweli, ilicheza. Niliisikia kwenye ncha ya kidole, tk, tk, kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka. Wakanitajia shilingi 45,000 kwa turbo ya mtumba kutoka Japani, kazi ya kufunga mbali.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nimeshasikia watu wanne wakisimulia kisa hiki hiki cha kidole na nati. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo beringi za kawaida zingeungua upesi, kwa hiyo kwenye turbo kama hii yangu shafti haishikwi kwa kukazwa. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na injini. Injini ikizimwa, presha ya oili inaondoka na nafasi ile inabaki wazi. Ndiyo maana ukiitikisa kwa ubavu itacheza kidogo, hata ikiwa mpya. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni shafti inayoingia na kutoka ukiivuta na kuisukuma, au kingo za pangaboi zilizolika, au mikwaruzo kwenye ukuta wa nyumba yake, maana hapo shafti imelegea kiasi cha kugusa. Yangu haikuwa inaingia wala kutoka. Kingo za pangaboi zilikuwa kali, ukuta ukiwa laini hauna hata alama.

Lakini hayo nimeyajua baadaye. Siku ile niliamini kidole changu.

Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika, na pesa zilikuwa kwenye simu. Nilikuwa nimezipangia tangi la maji ya mvua kwa mama. Nikaambiwa turbo ingefika Alhamisi.

Jumatano, kazini, mama mmoja kijana aliingia na mtoto mwenye homa, akataka nimwandikie dawa za malaria moja kwa moja kwa sababu foleni ya maabara ilikuwa ndefu. Mimi ni afisa wa kliniki. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na maneno ya kumwambia mama kama yule ninayo mdomoni, hata siyafikirii.

"Homa ni ishara tu, mama. Tupime kwanza."

Niliisikia sauti yangu mwenyewe. Mtoto alipopimwa hakuwa na malaria, lilikuwa sikio. Mama na mtoto walipotoka, nilifunga mlango, nikapigia gereji simu, nikawaomba waniachie kwanza.

Kukosa presha ya turbo ni homa. Nilikuwa nataka kulipa 45,000 kutibu homa.

## Geji

Gari langu halina kipimo cha presha ya turbo kwenye dashibodi. Nilinunua geji ndogo ya mshale dukani pa spea, na jirani yangu anayetengeneza trekta Njoro akanisaidia kuifunga: tulikata mpira mwembamba unaotoka kwenye mdomo wa kuingizia hewa injini, tukaweka kiunganishi cha njia tatu, tukapitisha mpira mrefu dirishani, tukabandika geji juu ya dashibodi kwa utepe. Haikupendeza. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Kapsoit nilikuwa na kitu cha kusoma.

Jumapili asubuhi, kabla malori hayajawa mengi, nilipanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan. Gia ya tatu, mguu sakafuni. Mshale ulipanda taratibu hadi 0.3 bar, ukatulia pale kama umefungwa kamba. Dizeli nyingi za umri wa gari langu hufika kati ya 0.6 na 0.9 kabla kile kilango cha kupunguzia presha, ambacho mafundi hukiita westigeti, hakijafunguka.

Basi nusu ya pumzi haikuwepo. Hilo sasa lilikuwa na namba.

Niliposimulia, watu kadhaa waliniambia ni mwinuko tu, milimani gari lolote linachoka. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinisumbua kwa siku kadhaa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya karibu 0.88 bar. Nakuru, kama mita 1,850, ni karibu 0.81. Ukifika mita 2,500 kule Mau, inabaki kama 0.75. Injini isiyo na turbo imeshapoteza robo ya hewa yake pale, bila kosa la mtu yeyote. Lakini turbo ilipata umaarufu kwa sababu hiyo hasa. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, na mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege yenye turbo hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,200, ili kuonyesha kwamba inaweza kupumua mahali ambapo hewa ni nyembamba.

Nilichukua kalamu. Mau Summit, 0.75 ya anga na 0.3 ya turbo: jumla 1.05. Hiyo ni karibu sawa na hewa ya ufukweni Mombasa. Yaani turbo yangu ilikuwa inajitahidi, inalirudisha gari usawa wa bahari, kisha inaishia hapo. Ilikuwa inafanya kazi. Kitu kilichokufa hakifanyi hata hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile hukumu ya kidole.

## Sabuni

Jirani yangu alisema tutafute mahali hewa inapovuja. Tulikata kifuniko cha plastiki kinachoenea kwenye bomba, tukakitia vavu ya tyubu ya baiskeli, tukakifunga kwenye mdomo wa turbo, tukapiga pampu ya mkono pole pole, presha ndogo tu. Kisha tukapaka povu la sabuni kila kiungo, kuanzia turbo hadi kwenye kipoza hewa kilicho kando ya rejeta, na kutoka hapo hadi kwenye injini.

Chini ya bomba la pili, mahali ambapo jicho halifiki, povu likaanza kuchemka.

Klipu ilikuwa imekula mpira mpaka ukapasuka, ufa wa urefu wa kucha. Nilifurahi mno. Na furaha hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu bomba lile lilikuwa upande wa baada ya turbo, na fundi wangu alikuwa amegusa la kabla ya turbo peke yake. Ufa ule haukuwa wake.

Bomba jipya na klipu mbili: shilingi 1,400. Jumapili iliyofuata nilipanda Sachangwan.

0.35.

Nilisimama kando ya barabara, pale wanapouza viazi na karoti, nikazima gari na kukaa tu. Muuzaji mmoja alikuja dirishani na ndoo, akaniangalia usoni, akarudi zake bila kuniuzia.

Wiki iliyofuata tulihangaika. Tulipima westigeti, kifimbo chake kilikuwa huru, hakijakwama wazi. Tulifungua eksozi nyuma ya turbo, tukihofia sailensa imeziba ndani, nikaendesha hivyo mwendo mfupi na kelele zikaamsha mtaa mzima. Mshale haukusogea. Mtu mmoja alinishauri nichomoe kimpira cha westigeti ili turbo isukume bila kizuizi. Nilikataa, na nawasihi wenzangu mkatae. Kilango hicho ndicho kinachoilinda injini isipewe presha isiyoiweza. Ukikiziba kabla ya kujua ugonjwa, siku ugonjwa wenyewe ukipona utajikuta na presha isiyo na mtu wa kuishika.

## Nyara

Pasaka nilikwenda nyumbani. Gari lilipanda Mau kwa gia ya pili nyuma ya malori, na safari hii sikujaribu kumpita mtu.

Nilipofika Kisumu nilielekezwa kwa mzee mmoja karibu na Kibuye ambaye kazi yake ni pampu na nozeli tu. Nilimkuta ameketi kwenye stuli fupi mbele ya meza iliyofunikwa kwa bati safi, kila skrubu imelala kwenye kifuniko chake cha soda. Nilimweleza yote: geji, sabuni, bomba, eksozi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, akiniita "binti yangu" kwa Kijaluo:

"Nyara, ukikanyaga mlimani, inatoa moshi?"

Nilinyamaza.

Mzee huyu hamjui fundi wangu wa Nakuru. Kati yao kuna milima yote ile. Na wote wawili, walipoambiwa gari halivuti, jambo la kwanza waliloliendea lilikuwa lile lile. Mmoja nilimwona anakwepa. Mwingine nilimwona mtaalamu. Swali lilikuwa moja.

"Sijui, baba," nikasema.

Nilikuwa nimeutazama mshale kwa wiki tatu. Kioo cha pembeni sikuwahi kukitazama.

Hakunicheka. Alimwita kijana wake, akamwambia apande bodaboda anifuate hadi mlimani Kiboswa. Nilipanda mguu ukiwa sakafuni, kijana nyuma yangu amekodoa macho kwenye eksozi. Tuliporudi alitikisa kichwa. "Hamna kitu, mzee. Safi kabisa."

Nilidhani hiyo ni habari njema.

Mzee akanieleza huku akinawa mikono. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Gari likipewa mafuta yake yote, kisha hewa ikapungua, nyuma kutatanda. Gari lisipokuwa na nguvu na lisipotoa moshi hata ukilikanyaga mlimani, anza kutafuta njaa upande wa dizeli. Alisisitiza neno *anza*. Moshi hautoi hukumu, alisema. Unakuonyesha mlango wa kubisha kwanza.

Nikamuuliza dizeli inahusianaje na presha ya turbo, maana geji yangu inapima hewa.

"Unafikiri turbo inazungushwa na nini?"

Inazungushwa na eksozi: joto na msukumo wa kile kilichoungua. Ukichoma dizeli kidogo, turbo inapata joto kidogo, inazunguka pole, inasukuma hewa kidogo. Na kwenye pampu kama yangu, juu yake kuna kikombe kinachopokea presha ya turbo kwa kimpira chembamba; presha ikipanda, kikombe kinairuhusu pampu kuongeza dizeli. Dizeli zaidi, joto zaidi, turbo inakaza mwendo, presha inapanda tena. Wawili hawa wanaishi kwa nipe nikupe. Mmoja akiacha kutoa, mwingine naye hana cha kurudisha, na ukipima utamkuta turbo ndiye aliye mikono mitupu.

Nilikuwa nimemshtaki aliyenyimwa.

## Kiwambo

Mzee hakukimbilia kikombe. Kwanza alinikalisha kwenye usukani, nikanyage mpaka mwisho, naye akichungulia kama mkono wa pampu unafika kwenye kizuizi chake. Waya wa mafuta ukilegea unaweza kukunyima robo ya mwendo na usijue. Ulifika. Kisha akaweka mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu, tukatazama dizeli ikipita. Hakukuwa na viputo vya hewa. Filta ilikuwa mpya, ile ile aliyoifunga fundi wangu mwezi wa pili, na aliifunga vizuri.

Ndipo akachomoa kimpira chembamba juu ya pampu. Akachukua kipande kingine cha mpira, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka mahali pake, akatia mdomoni na kupuliza.

Mashavu yake hayakuvimba.

Akanipa mimi. Nilipuliza. Pumzi yangu ilipita bila kizuizi chochote, na kando ya kikombe, kwenye kitundu kidogo kama cha sindano, nilisikia ikitoka: sss. Ingetakiwa igome. Ndani kuna kiwambo cha mpira kinachotenga juu na chini, na pumzi ya mtu haipaswi kukivuka.

Alifungua skrubu nne za kifuniko. Kabla hajainua kitu alichora mstari mwembamba kwa ncha ya msumari, kuanzia kwenye kiwambo hadi kwenye ukingo, ili kirudi kikiangalia upande ule ule. Chini ya kiwambo kuna kipini chenye mteremko ubavuni, na mteremko huo haufanani pande zote. Ukikirudisha kimegeuka, pampu itatoa kiasi kingine cha dizeli. Nimewaza sana kuhusu mstari ule. Ulichukua sekunde mbili.

Kisha akakinyanyua na kukiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa chepesi, kigumu kama ganda la embe lililokaushwa juani, wakati kinapaswa kuwa laini. Pembeni, mahali kinapojikunja kila presha inapopanda na kushuka, palikuwa na mpasuko mwembamba uliopinda kama mwezi mwandamo. Nilikiinua nikaona mwanga wa Kibuye ukipenya.

Miaka karibu thelathini ya kupanda na kushuka. Haukutokana na mkono wa mtu. Pengine ulikuwa umeanza muda mrefu kabla ya ile huduma ya mwezi wa pili, ukiongezeka kidogo kidogo, nami nikauona siku nilipokuwa na gunia la mahindi, mama, na lori la kupita.

Kiwambo kipya na kazi yake vilinigharimu shilingi 4,300. Nilimwomba aongeze dizeli kidogo wakati kikombe kiko wazi, maana nilishasikia watu wakisema gari linaruka. Alikataa. "Dizeli zaidi ni moto zaidi, na moto huo unapita kwenye turbo yako kabla haujafika kwingine. Hukuja kwangu kwa ajili hiyo." Akafunga.

## Mshale

Jumatatu ya Pasaka, Kapsoit, mlima ule ule. Sikuwa na mtu kiti cha mbele.

Gia ya tatu. Nilikanyaga. Mshale ulifika 0.3, na kwa mazoea nilitarajia usimame. Ukapita. 0.5. 0.6. Kiti kikanisukuma mgongo. Ulitulia kwenye 0.75, na safari hii nilikumbuka kutazama kioo: nyuma yangu, juu ya lami, palikuwa na wingu jepesi la kijivu lililotokea na kutoweka nilipobadilisha gia.

Nililia kidogo kati ya Kapsoit na Kericho, na sioni sababu ya kuficha. Nililia kwa sababu ya vidole vya mama. Nililia pia kwa sababu kila kilomita ilikuwa inanisogeza Nakuru, na Nakuru kulikuwa na mtu.

## Gereji

Haikunichukua siku moja. Ilinichukua wiki mbili.

Nilipita mbele ya gereji yake mara tatu nikaendelea na safari. Nilijiambia ana kazi nyingi. Nilijiambia amesahau. Mara moja nilijiambia nimpigie simu, halafu nikakumbuka kwamba sikumtusi kwa simu. Nilimtusi mbele ya wanafunzi wake, watu wanaojifunza kwake jinsi ya kushika spana na jinsi ya kusimama mbele ya mteja. Kama neno lilisemwa pale, basi lilipaswa kurudishwa pale pale.

Jumamosi iliyopita nilisimamisha gari, nikashuka.

Alikuwa chini ya pikapu. Aliona viatu vyangu, akatoka taratibu, akachukua tambara.

"Daktari."

"Fundi, nimekuja kukujibu," nilisema. Nilipandisha sauti makusudi, iwafikie walioko ndani. "Haikuwa inatoa moshi. Uliniuliza nikakataa kukujibu, na nikakusingizia. Turbo ni nzima. Nisamehe."

Alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Kilikuwa ni kiwambo cha pampu?"

Alijua. Jumamosi ile ya mwezi wa tatu, kwa swali lake moja, alikuwa ameshaanza kubisha mlango wenyewe.

Nilitoa kiwambo kwenye mkoba. Nilikuwa nimekifunga kwa karatasi ya glavu za kliniki. Alikipokea, akakiinua juani, akaupata ule mpasuko bila kuonyeshwa. Akawaita vijana wake waje waone. Wakaja wawili.

"Na yule wa tatu?" nikamuuliza.

"Aliondoka mwezi uliopita. Yuko Eldoret sasa."

Aliwaonyesha hao wawili mahali mpira ulipokatikia na kwa nini, akawauliza gari lenye shida hiyo linatoa moshi wa rangi gani, akasubiri mpaka mmoja akapata jibu. Kisha akakitundika kiwambo kwenye msumari ukutani, kando ya mkanda uliokatika na pistoni iliyotoboka, akanishukuru kwa kufika, akarudi chini ya pikapu.